Walifukuzwa Mwaka 1609, Leo Ndio Wanaopigiwa Makofi: Stori ya Wamoro wa Hispania

Chukulia wewe ni fundi bomba kwenye mji mdogo wa milimani huko Hispania. Umebatizwa, baba yako kabatizwa, babu yako kazikwa na padri. Mwaka mzima unashika spana. Halafu inafika Aprili, unafunga kilemba, unavaa joho linaloburuta chini, unashika upanga uliopinda, unaweka sigara nene mdomoni na kuingia barabarani na wenzako kumi mkiwa mmegusana mabega. Mwendo ni wa pole, mnayumba kushoto na kulia kama jahazi, nyuma yenu ngoma nzito na matarumbeta. Watu kwenye roshani wanapiga kelele. Kwa siku tatu wewe ni Mwislamu wa mwaka 1276 na umekuja kuuteka mji wako mwenyewe.

Hiyo ndiyo Alcoi, mji wenye watu kama elfu sitini kwenye mkoa wa Alicante, kusini mashariki mwa Hispania. Ni mji wa viwanda vya nguo na karatasi, umejaa madaraja kwa sababu ya mabonde. Tamasha lenyewe linaitwa Moros y Cristianos, yaani Wamoro na Wakristo. Wamoro ni jina ambalo Wazungu wa huko waliwapa Waislamu waliotoka Afrika Kaskazini na wale waliozaliwa palepale Hispania. Tangu mwaka 1980 serikali ya Hispania imelitambua kama tamasha la kitalii la hadhi ya kimataifa. Miji mingi ya eneo la Valencia ina tamasha la aina hii, ila Alcoi ndiyo inayotajwa kama mama yao.

Watalii wengi wanaenda kupiga picha, wanapandisha mtandaoni, wanarudi nyumbani. Hakuna ubaya. Ila nyuma ya vile vilemba kuna stori nzito, na ukiifuata mpaka mwisho inakufikisha Kilwa na Mombasa. Twende taratibu.

Ilianzaje?

Mwaka 711 jeshi la Waislamu likiongozwa na Tariq ibn Ziyad lilivuka bahari kutoka Afrika Kaskazini na kuingia Hispania. Ule mwamba wa Gibraltar mpaka leo umebeba jina lake, Jabal Tariq, mlima wa Tariq. Waislamu wakatawala sehemu kubwa ya nchi, na kwenye baadhi ya maeneo walikaa karibu miaka mia nane. Wafalme wa Kikristo wa kaskazini wakawa wanasukuma kurudi kusini kidogo kidogo. Toledo ikaanguka mwaka 1085, Cordoba 1236, Valencia 1238, Sevilla 1248.

Aliyeichukua Valencia ni mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon. Baada ya hapo akabaki na tatizo moja milimani: kiongozi wa Waislamu aliyeitwa al-Azraq, jina linalomaanisha wa buluu, inasemekana kwa sababu ya macho yake. Huyu hakuwa mtu wa kuchezea. Miaka ya 1240 aliingia mkataba na familia ya mfalme, ukaandikwa kwa Kiarabu na kwa lugha ya Wakristo. Baadaye akaasi, akapigana kwa miaka, akashindwa, akaondoka nchini. Mwaka 1276, Jaume akiwa mzee kabisa, al-Azraq akarudi. Mwezi wa Aprili akawafikia watu wa Alcoi na jeshi lake.

Kinachosimuliwa Alcoi ni kwamba siku ya vita Mtakatifu George alitokea juu ya ukuta akiwa kwenye farasi mweupe, Waislamu wakavurugika na al-Azraq akafa palepale. Mji ukaahidi kumkumbuka mtakatifu huyo kila mwaka. Kuna kipande kingine ambacho hakishangiliwi sana: baada ya ushindi huo wapiganaji wa Kikristo waliwafukuza adui mpaka bondeni, wakaingia kwenye mtego na wengi wakauawa. Mfalme Jaume mwenyewe alifariki Julai mwaka huohuo. Kwa hiyo hata huo ushindi ulikuwa na machozi yake.

Siku tatu za moshi

Kwa desturi tamasha linafanyika tarehe 22, 23 na 24 Aprili, ila kuna miaka tarehe husogezwa, kwa hiyo cheki ratiba kabla hujakata tiketi. Jioni ya tarehe 21 watu wanajaa uwanja mkuu wa mji na kuimba wimbo wa tamasha kwa pamoja, wakisindikizwa na bendi. Usiku wanakula mchuzi mzito wa maharage na nyama. Kinywaji cha mji ni pombe ya kahawa wanayoiita café licor. Ni tamu, inateleza, na wageni wengi wanagundua ukali wake wakati wa kusimama.

Siku ya kwanza ni ya kuingia. Asubuhi wanaingia Wakristo, mwendo wa kijeshi, ngao na chuma. Mchana wanaingia Wamoro, na hapo ndipo rangi zinapolipuka: hariri, manyoya, farasi, wacheza ngoma. Washiriki wamegawanyika kwenye vikundi 28, vinaitwa filaes, 14 kila upande. Kikundi ni kama klabu ya familia. Mtoto anarithi cha baba yake, wanakutana mwaka mzima kula na kupanga, na kila mwaka vikundi hupokezana zamu ya kutoa kapteni. Ukapteni ni heshima kubwa, ila gharama zake zinaumiza mfuko. Kichekesho ni kwamba kuna kikundi kinaitwa Wayahudi, na kiko upande wa Wamoro. Ndiyo ujue waandaaji wa zamani waligawa dunia vipi: sisi upande huu, wengine wote upande ule.

Siku ya pili ni ya Mtakatifu George, maandamano ya kidini, mambo yanatulia kidogo. Siku ya tatu usikae karibu kama hujaziba masikio. Uwanjani kuna ngome ya mbao. Mjumbe anakuja mbio kwa farasi na barua, barua inachanwa, halafu mabalozi wa pande mbili wanabishana kwa mashairi mbele ya ngome. Wakishindwa kuelewana bunduki zinaanza. Ni magobole ya kumimina baruti na hayana risasi, lakini yakifyatuka mamia kwa mpigo kifua kinatikisika na mtaa mzima unapotea kwenye moshi. Asubuhi Wamoro wanaiteka ngome. Jioni Wakristo wanairudisha. Mwishoni anatokea mtoto mdogo juu ya ngome, ndiye Mtakatifu George wa mwaka huo, anarusha mishale midogo katikati ya mwanga na moshi mweupe. Watu wazima wanalia, na wala hawaoni aibu.

Mziki nao una historia yake. Mwaka 1882 mtunzi Juan Cantó wa Alcoi aliandika kipande kilichopewa jina Mahomet, ambacho kinahesabiwa kuwa cha kwanza kutungwa maalumu kwa ajili ya sherehe hizi. Mwaka 1907 ikafuata A-Ben-Amet ya Antonio Pérez Verdú, na mtindo wa gwaride la Kimoro la polepole ukashika kasi. Leo mziki wa Moros y Cristianos umekuwa aina kamili ya mziki, una watunzi wake na bendi zinazokodiwa kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Mbona kuna bunduki?

Hapa ndipo mtu mwenye jicho anashtuka. Mwaka 1276 Hispania hapakuwa na hizo bunduki. Sasa zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye miaka ya baadaye. Miji ya pwani na ya milimani ilikuwa na askari wa mgambo ambao siku za sikukuu walikuwa wakionyesha silaha zao na kufyatua hewani kumpa heshima mtakatifu wa mji. Polepole mazoezi hayo yakachanganyika na stori ya vita vya zamani, upande mmoja ukavalishwa kama Wamoro. Kwa Alcoi, kumbukumbu za maandishi zinazoonyesha Wakristo waliovaa kama Wamoro wakipambana na Wakristo wenzao ni za mwaka 1668.

Shika huo mwaka, 1668. Sasa rudi nyuma miaka 59.

Mwaka 1609 mfalme Felipe wa Tatu aliamuru Wamorisko wote wafukuzwe Hispania. Wamorisko ni wale wenye asili ya Kiislamu waliobaki baada ya Wakristo kushinda. Na ujue hivi: karibu wote walikuwa wameshabatizwa. Babu zao walilazimishwa, Valencia ikiwa ni miaka ya 1520, wakaambiwa chagua ubatizo au ondoka. Wakabatizwa. Wakapewa majina ya Kikristo. Wakaenda kanisani. Bado ikaonekana haitoshi. Kazi ilianzia Valencia, ambako inakadiriwa walikuwa kama theluthi ya watu wote. Walisukumwa mpaka bandarini, Denia, Alicante na pwani ya Valencia, wakapakiwa kwenye meli za kwenda Afrika Kaskazini. Wengine walikataa, wakakimbilia kwenye milima ambayo haiko mbali na Alcoi, wakamalizwa na jeshi. Mpaka mwaka 1614 waliofukuzwa nchi nzima walikuwa kama laki tatu. Vijiji vilibaki vitupu na mashamba bila wa kuyalima.

Baada ya chini ya miaka sitini, Alcoi watu walikuwa wanavaa nguo za Wamoro na kucheza mtaani. Wazee wa mji walikuwepo ambao utotoni waliwaona majirani zao wakiondoka. Hakuna Mmorisko aliyebaki wa kusema mimi hivyo sikuvai, au sisi tulikuwa hatutembei hivyo. Aliyefukuzwa akawa vazi.

Alcoi haiko peke yake

Hispania inapenda sana kuigiza historia yake, na kila msimu una wake. Februari nenda Teruel, mji wa bara kaskazini ya Valencia, ukaone harusi ya Isabel de Segura. Tangu mwaka 1997 mji mzima unavaa nguo za karne ya 13 na kuigiza mapenzi ya Diego na Isabel. Diego hakuwa na mali, akapewa miaka mitano akatafute. Akarudi amechelewa kidogo, bibie kaolewa. Akaomba busu moja, akanyimwa kwa sababu yule ni mke wa mtu, akaanguka akafa. Kwenye mazishi Isabel akambusu maiti, naye akafa palepale. Vijana wanaosumbuliwa na wakwe kuhusu mahari wataielewa hii bila mkalimani.

Julai nenda Villajoyosa, baharini. Wao wanakumbuka shambulio la maharamia la mwaka 1538. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, Wamoro wanakuja na boti kutoka baharini na vita inapiganwa ufukweni, watu wakiwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Septemba nenda Cartagena, ambako vita ni vya zamani zaidi. Mji huo ulianzishwa na watu wa Carthage, kwenye nchi ambayo leo ni Tunisia, wakauita Qart Hadasht, mji mpya. Mwaka 209 kabla ya Kristo Warumi wakauteka. Tangu mwaka 1990 wenyeji wanajigawa upande wa Waafrika wa Hannibal na upande wa Roma, wanaweka kambi na kupigana. Huko ukisema unatoka Afrika, jua tayari una upande.

Halafu kuna Granada. Ilikuwa ngome ya mwisho ya Waislamu, na tarehe 2 Januari mwaka 1492 mtawala wake wa mwisho, Wahispania wanamwita Boabdil, alikabidhi mji kwa malkia Isabel na mfalme Fernando. Mkataba uliahidi Waislamu wataachwa na dini yao. Haikufika miaka kumi na mbili ahadi ilikuwa imeshavunjwa. Mpaka leo kila tarehe 2 Januari bendera inapungwa kutoka jengo la manispaa. Hapo hakuna kilemba cha kukodi wala pombe ya kahawa. Kuna kundi linakuja kushangilia kwamba Hispania ni ya Wakristo, kuna kundi linakuja kupinga, na polisi wanasimama katikati. Historia ni ileile inayochezwa Alcoi. Tofauti ni kwamba Granada watu hawajaafikiana kama hiyo ni sherehe.

Na sisi tunaingiaje?

Msomaji wa Dar au Mombasa anaweza kusema haya ni ya Wazungu na Waarabu wao. Ngoja.

Wareno walipofika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 15, Waislamu waliowakuta Kilwa, Mombasa na Malindi waliwaita mouros. Wamoro. Jina lilelile la adui wa nyumbani kwao, wakalibeba kwenye meli na kuwavisha Waswahili. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, kisha akaishambulia Mombasa na kuichoma moto. Huyu Almeida alikuwa amepigana upande wa Wakristo kwenye vita ya Granada. Yaani mkono ulioshika upanga Granada ndio uliokuja kushika moto Mombasa, miaka 13 baadaye.

Kuna lingine. Ujenzi wa Fort Jesus ulianza mwaka 1593. Wakati huo Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Felipe wa Pili. Mtoto wake ndiye yule Felipe wa Tatu aliyewapakia Wamorisko kwenye meli mwaka 1609. Baba ngome ya Mombasa, mtoto meli za Valencia.

Kwa hiyo Mswahili akisimama pembeni ya barabara pale Alcoi, yule Mmoro anayepita na joho lake amebeba jina ambalo wazee wake Mswahili huyo waliwahi kuitwa. Na akisikiliza vizuri atasikia kitu kingine. Mhispania anayemwombea ushindi Mtakatifu George anasema ojalá, neno la matumaini lililotoka kwenye Kiarabu cha Waislamu wa Hispania, likiwa na jina la Allah ndani yake. Sisi tunasema inshallah. Wao wanaweka azúcar kwenye kahawa, sisi sukari. Wao wanakula aceituna, sisi tunaita zeituni. Azafrán, zafarani. Forodha yao wanaiita aduana, neno lenye mzizi mmoja na diwani wetu. Walifukuza watu, maneno yakagoma kuondoka.

Mabishano ya leo

Wenyeji hawajalala. Kwenye miji kadhaa kulikuwa na sanamu kubwa inayoitwa Mahoma. Bocairent, mji jirani na Alcoi, walikuwa wakiilipua kichwa kwa baruti mwisho wa sherehe. Mwaka 2006, baada ya zile katuni za Denmark kuzua hasira duniani, wakaacha. Kuna waliosema ni busara, kuna waliosema ni woga.

Wanawake wa Alcoi kwa muda mrefu waliachiwa kushona nguo na kupamba, barabarani ilikuwa ya wanaume. Walidai nafasi, mabishano yakawa makali ndani ya familia zenyewe, na milango imefunguka polepole sana. Halafu kuna suala la rangi: baadhi ya washiriki hujipaka weusi usoni ili waonekane Waafrika. Wahispania weusi wameshasema wazi kwamba inawaudhi. Wanaotetea wanajibu kwamba ni mila na hakuna nia mbaya. Huo ubishi bado unaendelea.

Na kuna kitu kimoja ambacho mgeni anakiona bila kuambiwa. Wamoroko ni kati ya jamii kubwa kabisa za wageni nchini Hispania. Wanavuna mboga, wanajenga, wanauza maduka ya mitaani. Siku ya tamasha baadhi yao wanasimama pembeni na watoto wao kama watu wengine wote, wanaangalia fundi bomba aliyefunga kilemba akipita na kushangiliwa. Kesho yake fundi anavua, anarudi kazini. Wao hawana cha kuvua.

Ukipata nafasi ya kwenda, nenda. Kata kiti mapema, maana viti vya barabarani siku ya kuingia huuzwa. Beba vizibo vya masikio, nguo usiyoihurumia kwa harufu ya baruti, na chumba tafuta miezi kabla. Piga picha zako zote. Ila siku ya tatu, moshi ukianza kushuka na yule mtoto akitokea juu ya ngome, mkumbuke na aliyekuwa anaishi pale kabla ya 1609.

Sasa swali kwa wadau: ungepewa nguo Alcoi, ungevaa ya upande upi? Na je, ingekuwa Kilwa au Mombasa wanaigiza mwaka 1505 kila mwaka, nani angekubali kuvaa nguo za Mreno?